Namba ya Cherehani Yako, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini nikianza bila shikamoo mkono hauendi. Nikija makaburini nakutolea salamu ile ya jumla, ya nyote mliolala pale, kisha naondoka. Ninayotaka kukwambia si ya kusikiwa na majirani zako. Basi nimeketi kibarazani, alasiri imeshaswaliwa, karatasi nimeiweka juu ya meza yako ya kukatia, na cherehani yako iko mkono wangu wa kulia. Ni mimi Mishi, mwanao, yule uliyekuwa ukisema ana mdomo kama cherehani iliyokosa mafuta.

Nianze na habari za nyumbani, maana ungeuliza hizo kwanza. Mama ametoka eda wiki iliyopita. Miezi minne na siku kumi hakutia mguu barazani, na siku aliyotoka alikuja moja kwa moja hapa, akaipangusa cherehani yako kwa ncha ya leso, akanigombeza: "Yaani umeiwacha ikala vumbi hivi, kama haina mwenyewe!"  Tangu uondoke nilikuwa nikishonea yangu tu, yako sikuweza kuikalia. Sare za wale vijana wa hoteli ya Shelly Beach nilizimaliza, wakazichukua. Yule bibi wa Mtongwe aliyekuwa akija kila Ijumaa kuulizia gauni lake, nalo nimempa. Alilikunjua, akalitazama pindo, akaanza kulia, akaondoka akalisahau kitini. Ilibidi nimkimbilie hadi kwa muuza mahamri. Na bado wapo wasiosikia, wanapita wanauliza, "Fundi Namba yuko?" Nimechoka kuwa mimi ndiye wa kuwaambia, baba. Kila nikiwaambia naona kama unakufa upya.

Jina hilo ulijitakia mwenyewe. Fundi gani tena Likoni nzima aliyekuwa na namba ya cherehani yake kichwani? Mafundi wenzako hawajui hata kama zao zina namba. Yako imechongwa kwenye kibao cha shaba karibu na gurudumu, maandishi mengine yote yamelika, zimebaki tarakimu saba: 1253233. Milioni moja, mia mbili hamsini na tatu elfu, mia mbili thelathini na tatu. Niliweza kuisema kabla sijaweza kutia uzi kwenye sindano.

Unaikumbuka ile siku ya mvua? Mwalimu Katana, yule wa hesabu, alikuja kupunguziwa suruali, mvua ikamfungia hapa barazani kutwa. Akakitazama kibao, akakwambia namba kubwa huhojiwa kama mgeni aliyebisha hodi. Wewe ni shufwa au witiri? Ikasema witiri, maana mwisho wake ni tatu. Unagawika kwa tatu? Mkajumlisha tarakimu zake zote, mkapata kumi na tisa, mkasema hapana. Kwa tano, hapana. Kwa saba, ikabaki mbili. Kwa kumi na moja, ikabaki tatu. Mwalimu akasema huenda ikawa ni zile zisizogawika kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe, ambazo vitabuni huitwa namba tasa. Jina hilo hukulipenda. Ukasema, "Tuseme haigawiki, mwalimu, inatosha." Ile suruali ulimfupishia mguu mmoja zaidi ya mwingine, na hakudai kitu.

Tangu siku hiyo tulikoma! Mwalimu alikuachia na ya pili, kwamba zipo namba kamili, ambazo vigawanyo vyake, zenyewe ukiziacha, ukivijumlisha vinarudi kuwa zenyewe: sita ni moja na mbili na tatu. Na zipo zinazozidiwa na vigawanyo vyake, kama kumi na mbili, ambayo vyake vinafika kumi na sita, na zilizo pungufu. Ukaanza kuwapima watu. Mama ulimwita ishirini na nane, kwa sababu moja na mbili na nne na saba na kumi na nne ni ishirini na nane barabara, hana pungufu hana ziada. Jirani yetu muuza mkaa ulimwita kumi na mbili, kwa kuwa maneno yake yakijumlishwa yanamzidi mwenyewe. Mimi nikauliza, "Na mimi je?" Ukasema, "Wewe bado nakugawa." Nilinuna siku mbili.

Na kazi yenyewe, ee baba, ilikuwa ya kichaa. Kwenye karatasi za kaki za kukatia ruwaza uliandika namba zote hadi elfu moja mia moja na kumi na tisa, ukazichekecha, ukafuta kila inayogawika, zikabaki mia moja themanini na saba. Mwalimu alikuwa amekwambia ukifika hapo usiendelee, kwani elfu moja mia moja na ishirini ukiizidisha kwa yenyewe unaipita namba yako. Basi ilibidi 1253233 igawiwe kwa hizo zote, moja baada ya moja, kwa mkono. Mwalimu alitaka kukuazima kalkuleta ya shule, ukakataa katakata: "Hiyo itanambia jibu, haitanifunza namba." Ndogo ndogo ukazifanya wewe. Za mia mbili mimi, za mia tatu wewe, za mia nne mimi, tukipokezana hivyo. Kila mia ilikuwa na karatasi yake iliyotundikwa msumarini, kazi yake imeandikwa, na tiki mbele ya kila iliyobakisha. Siku za wateja wachache tuligawa mbili tatu. Siku za wateja wengi hatukugawa kitu. Miaka ilikwenda hivyo. Nikaolewa, nikaachika, nikarudi nikaikuta mia sita inaningoja.

Watu walidhani mchezo. Mimi nilijua si mchezo, hasa ulipoanza kukohoa. Siku moja, umeshika mkasi na hukati chochote, ukanambia, "Mishi, maisha yangu yote nakata. Nataka nijue kama kuna kitu kimoja kisichokatika, na kiko hapa kwangu. Nikijua hilo nitaridhika." Nikakwambia acha maneno ya kifo. Lakini nililishika neno hilo.

Sasa nakuja penyewe. 

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Wewe unajua Iddi inavyotuvamia sisi mafundi, kila mtu anataka kanzu yake, na kila mtu alisema ataleta kitambaa mapema akakileta mwisho. Imebaki msumarini karatasi moja tu isiyo na tiki, nayo yangu: ya mia nane. Kumi na tano kwa idadi, kuanzia mia nane na tisa hadi mia nane themanini na saba. Ulikuwa ukikohoa hata huwezi kukanyaga pedali. Nilitaka umalize, baba. Nilitaka uridhike. Na nilikuwa nimechoka, na, niseme ukweli wote, nilikuwa nimeichukia ile namba. Nikachukua penseli nikatia tiki kumi na tano, moja chini ya nyingine, sikugawa hata mara moja. Haikuchukua muda wa kutia kifungo. Nilijiambia mia na kitu zimeshakataa, hizi kumi na tano zitafanya nini.

Siku ya pili ya Iddi ukazishusha karatasi zote ukazipanga mezani. Ukasema, "Mia nane sioni kazi yake." Nikasema nimeifanyia pembeni nikatupa. Ukaniuliza, "Zote?" Nikasema, "Zote, wallahi."

Baba, kwenye baraza hili neno hilo lilikuwa haramu. Mafundi wengine kwao ni mate tu: wallahi Ijumaa nguo iko tayari, wallahi nimebakisha vifungo. Wewe hata mteja akikufokea ulisema inshallah, ukaishia hapo. Mama aliniambia siku nyingi kwamba katika ndoa yenu nzima hajakusikia ukiapa. Ndiyo maana nililitumia mimi. Nilijua ukilisikia hutauliza tena.

Na hukuuliza. Ukacheka kile kicheko chako cha puani, ukachukua chaki ukaandika mlangoni: 1253233, na chini yake, HAIGAWIKI. Ukamtuma mtu halua, tukala na kahawa na wapita njia, muuza mkaa akaja na maneno yake kumi na sita. Ulikuwa na furaha mpaka kikohozi kikakuogopa kwa siku mbili. Nikasema moyoni, uongo huu una dhambi gani? Ona alivyo.

Baada ya wiki kama tatu nikakuta neno limefutwa mlangoni, imebaki namba peke yake. Nikachukua chaki niandike tena, ukasema, "Wacha. Chaki haikai." Nikaona ni mambo ya mgonjwa. Siku nyingine, unakunja tepu, ukauliza, "Ile mia nane, mwanangu, haikukusumbua?" Nikasema haikunisumbua hata kidogo. Baadaye tena ukauliza, na mara ya tatu ukauliza ukiwa kitandani, macho yako kwenye dari: "Mia nane zilikuwa ngapi vile?" Nikajibu kumi na tano, nikakupa uji. Mara tatu, baba! Mtu mwenye akili angesikia. Mimi nilikuwa nasikiliza kifua chako tu.

Na katikati ya hapo ulikuwa ukikata. Ulishindwa kushona, lakini mkasi ulikuwa bado unakutii. Ukaokota mabaki ya vitambaa chini ya meza, meupe ya hoteli, kaki ya shule, buluu ya sare za walinzi, ukakata vishati vidogo vya watoto. Nikauliza vya nani, ukasema, "Vya wenyewe." Ukavifunga furushi. Wewe ambaye hukufunga furushi bila kipande cha karatasi chenye jina na vipimo, hili ulilifunga bila jina. Nikafikiri homa imepanda.

Ulipofariki nilifanya jambo ambalo nilidhani ni heshima. Siku ya tatu, matanga hayajaondoka, nilimwita mchoraji wa vibao nikamwambia aandike mlangoni kwa rangi ya mafuta, namba yako na neno lako. Ili watu wakija wakuone. Mwalimu Katana alikuja kutoa pole, amezeeka, akasimama mbele ya mlango ule, akavua kofia. Akanishika mkono akasema, "Alifika mwisho wake. Wachache hufika." Nikasema ahsante mwalimu. Nikathubutu kusema ahsante.

Furushi nimelifungua juzi. Mama alipotoka eda tukasafisha, nikakata uzi, nikavihesabu vile vishati mezani: kumi. Cha chini kabisa ni kile cha buluu. Nikageuza mgongo wake upande wa ndani, nikaona chaki. Mwandiko wako, tarakimu zile za kuinama kama zinatafuta sindano iliyoanguka. 1253233 kugawa kwa 877. Mara moja, ikabaki 376. Ukashusha mbili, mara nne, ikabaki 254. Ukashusha tatu, mara mbili, ikabaki 789. Ukashusha tatu ya mwisho: 7893. Mara tisa ni 7893. Na chini yake sifuri, umeizungushia duara.

Nilikaa chini sakafuni. Mama akadhani nimejichoma. Nilichukua penseli nikaigawa mwenyewe mara tatu, na mara zote tatu ikagawika, hakuna kilichobaki, jibu 1429. Mia nane sabini na saba ilikuwa ya kumi na mbili kwenye karatasi yangu. Ningefanya kazi yangu siku ile ningeikuta kabla ya kufuturu.

Nikamuonyesha mama vile vishati, nikamuuliza kwa nini kumi. Akafikiri, kisha akaniambia kwamba kabla hujalala kitandani moja kwa moja ulimuita maalim wa msikitini, ukamuuliza mtu akiapa uongo anafanyaje. Maalim akakujibu ni toba, na kafara: alishe maskini kumi, au awavishe maskini kumi, na asiye na uwezo afunge siku tatu. Mama alisikia akiwa jikoni. Akasema, "Nilishangaa, nikasema huyu mtu ameapa lini? Labda aliapia nguo ya mtu ujanani." Ananiangalia huku anasema. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Basi ulijua. Ulikufa ukijua kwamba namba yako inakatika, na kwamba mwanao ameapa uongo usoni pako. Hukumwambia mtu. Sijui lipi lilikuuma zaidi, na sitajua. Sijui pia ulikata ukanuia kushona mwenyewe nguvu zikakuishia, au ulikata ukaniachia mimi kushona kwa kuwa kiapo ni changu. Nimeligeuza hili huku na huku siku tatu, nimechoka. Wakati mwingine nakukasirikia, wallah... ona, nilitaka kuliandika tena. Nakukasirikia, baba. Ungeniambia tu! Ungenitukana! Ningelia, ningekuomba radhi mkono wako ukiwa bado wa moto. Badala yake uliniuliza mara tatu kwa upole, kama mtu anayemngoja mteja aliyesahau nguo zake.

Juzi hiyo hiyo nilikaa kwenye cherehani yako kwa mara ya kwanza. Niliitia mafuta. Vishati tisa nimevishona, vifungo nimetia kwa mkono. Nimevipeleka kwa maalim, naye amevigawa kwa watoto wanaostahiki, nimemwambia ni vya kafara na ni kafara yangu, kwa mdomo wangu mwenyewe. Hakuuliza zaidi. Kwa Mwalimu Katana nimekwenda jana, hadi Changamwe. Nilimueleza nikiwa nimesimama mlangoni, sikukubali kukaa. Alinisikiliza, akaenda ndani akarudi na chaki, akaigawa ukutani kwake taratibu hadi sifuri. Akasema vigawanyo vyake basi ni moja, na mia nane sabini na saba, na elfu moja mia nne ishirini na tisa, jumla elfu mbili mia tatu na saba. "Bado ni pungufu sana," akasema. Kisha akanitazama akaongeza kwamba pungufu ndizo nyingi. Hakunifukuza, lakini hakunishika mkono.

Kimebaki cha kumi. Kiko hapa mezani, cha buluu. Ndicho chenye mwandiko wako, na mwandiko mwingine wako sina. Zile karatasi za kaki zilizikwa na taka siku ya matanga, na mimi ndiye niliyesema ziondolewe. Nimekigeuza, nimekikunja, nimekificha kabatini, nimekitoa. Nikikiweka nitakuwa na mkono wako, na maskini watakuwa tisa. Nikikishona, kitavaliwa na mtoto ambaye hajui lolote, na kikifuliwa mara moja tu, basi. Wewe mwenyewe ulinambia, chaki haikai.

Jua limefika kwenye mguu wa meza. Nimeshatia uzi, sindano iko juu ya kitambaa, na kile kibao cha shaba kiko usawa wa macho yangu. Nitaanza na mshono wa bega, kama ulivyonifunza, nitaupitisha pembeni ya tarakimu zako nisizikanyage. Yatakayofutika yatafutwa na maji. Kesho asubuhi nitakwangua lile neno mlangoni, rangi ya mafuta au si rangi ya mafuta, namba nitaiacha. Na nakuahidi, kwenye baraza hili hakuna atakayeapa tena, mteja akitaka asitake atapewa inshallah yako.

Lala, baba. Mwenyezi Mungu akupanulie hapo ulipo, na akunyamazishie kikohozi. Uliniuliza mara tatu, jibu langu limechelewa, lakini hili hapa. Inagawika. Inagawika kwa mia nane sabini na saba. Nimeigawa mwenyewe, na siapi.

Mwanao,
Mishi